Ukarabati wa ukumbi wa mtaa uliochakaa: yanayoaminika na ukweli wake

"Nyufa ni za kuziba kwa saruji, kisha rangi."
Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ufa unaofuata nondo kwenye nguzo au boriti, tena wenye michirizi ya kutu, unaonyesha kwamba chuma kinaliwa ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulisukuma zege litoke. Lipu mpya nayo itadondoka. Mhandisi hutindua kidogo, hunyunyizia fenolfthaleini (kemikali ya kupimia inayobadili rangi) kwenye zege lililovunjwa muda huohuo, na hutazama rangi: likigeuka waridi, bado linailinda nondo; likibaki bila rangi mpaka kwenye nondo, ulinzi umekwisha. Pwani kuna mtego. Kama fundi wa zamani alitumia mchanga wa bahari, chumvi itakula nondo hata pale zege linapogeuka waridi, kwa hiyo sampuli ipelekwe maabara ipimwe chumvi. Tiba ni kutindua mpaka kama sentimita 2 nyuma ya nondo, kusugua chuma king'ae, kuongeza nondo palipoliwa sana, ndipo kujaza.

Ufa wa mshazari kwenye pembe ya dirisha ni jambo jingine: mara nyingi msingi umetitia. Piga alama kwenye ncha zake, andika tarehe na upana, usubiri masika yapite. Ufa ukiendelea kutembea, anza na maji ya paa yanayomwagika chini ya ukuta.

"Vibarua wataling'oa paa la asbesto Jumamosi moja."
Hapana. Nyuzi zake zikivutwa puani huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au zaidi. Shiti hazikatwi kwa msumeno, hazipigwi nyundo, wala hazisuguliwi zikiwa kavu ili zipakwe rangi. Hulowanishwa, hufunguliwa nzimanzima, hufungwa kwenye plastiki nzito na kupelekwa dampo lililoidhinishwa. Weka gharama hiyo mstari wake kwenye makadirio, la sivyo mkandarasi ataidai katikati ya kazi.

"Jengo ni letu, hati itafuata."
Kiwanja huenda kiko kwa jina la halmashauri au chama. Thibitisha jina, matumizi ya ardhi kwenye mchoro wa mipango miji, na mipaka, kabla ya kumlipa msanifu hata shilingi.

"Mkutano wa hadhara mmoja unatosha."
Huo hukusanya wenye nafasi siku hiyo. Weka daftari mlangoni mwezi mzima: nani anaingia, saa ngapi, wangapi. Kikoba cha watu 25 kinachokutana kila wiki hakihitaji ukumbi wa harusi. Kinahitaji chumba chenye kufuli na kabati.

"Rampu tutaiweka mwishoni."
Mteremko wa rampu, yaani njia ya kupandia kiti cha magurudumu, ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo hudai sentimita 12 za urefu. Baraza lenye kimo cha sentimita 60 linadai rampu ya mita 7.2, bila kuhesabu sehemu tambarare za juu na chini. Mwishoni nafasi hiyo haipatikani, na kinachojengwa ni kilima kisichopandika kwa kiti cha magurudumu.

"Ukumbi ukikamilika utajiendesha."
Tenga walau 2% ya thamani ya jengo kila mwaka kwa matengenezo. Kwa jengo la shilingi milioni 200, hiyo ni milioni 4: kama kodi ya siku ni 100,000, ni shughuli 40, kabla ya umeme, maji na mlinzi.