Mchochota wa Umio: Maana Yake na Namna Unavyotibiwa

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima, unaoanzia chini ya koo, ukashuka nyuma ya bomba la hewa na moyo, ukapenya kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kuishia kwenye mfuko wa chakula. Kazi yake ni kusafirisha tu, kwani hausagi chakula wala haufyonzi virutubishi. Utando wake wa ndani umeumbwa kustahimili msuguano wa tonge linalopita, lakini haukuumbwa kustahimili asidi kali, tofauti na mfuko wa chakula ambao kuta zake hujikinga kwa ute mzito. Utando huo unapojeruhiwa ukavimba, ukawa mwekundu, na pengine ukachubuka hadi kufanya vidonda, hali hiyo ndiyo inayoitwa mchochota wa umio. Jina hili hutaja kilichoupata utando bila kusema kimesababishwa na nini, na ndiyo maana wagonjwa wawili wenye jina moja la ugonjwa wanaweza kuhitaji dawa zisizofanana hata kidogo.

Chanzo kinachoongoza ni kupanda kwa asidi kutoka tumboni. Mwishoni mwa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka tonge linapofika na kujifunga likishapita. Msuli huo ukilegea mara kwa mara pasipo kumeza, au sehemu ya juu ya mfuko wa chakula ikipenya kifuani kupitia tundu la kiwambo, hali inayojulikana kama ngiri ya kiwambo, asidi hupata njia ya kurudi juu. Unene wa kupindukia na ujauzito huongeza msukumo kutoka tumboni, na uvutaji wa sigara huudhoofisha msuli wenyewe. Mgonjwa husikia kiungulia, yaani moto unaopanda kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, hasa anapoinama au kulala baada ya mlo, na wengine hucheua maji machungu hadi kooni, hukohoa usiku au sauti huwakwaruza asubuhi. Ikumbukwe kwamba ukali wa kiungulia hauonyeshi ukubwa wa jeraha: wapo wanaoteseka sana ilhali umio wao ukichunguzwa hauna mchubuko wowote, na wapo, hasa wazee, wenye vidonda vikubwa ambao hawalalamiki sana.

Chanzo cha pili, ambacho kwa maoni yangu hutajwa kidogo kuliko kinavyostahili, ni vidonge vyenyewe. Kidonge kilichomezwa kwa funda dogo la maji, tena na mtu anayejilaza mara moja, huweza kunata ukutani mwa umio na kuyeyukia hapo hapo, kikauunguza utando. Dawa zinazojulikana sana kwa madhara haya ni antibiotiki ya doksisaiklini, aspirini, ibuprofeni, vidonge vya potasiamu na vya madini ya chuma, pamoja na alendroneti inayotumiwa kuimarisha mifupa. Maumivu hayo huanza ghafla, na huzidi kila mgonjwa anapomeza. Tiba yake ni kusitisha au kubadilisha dawa hiyo kwa ushauri wa aliyeiandika, na kinga yake ni kumeza kidonge kwa bilauri nzima ya maji na kubaki wima kwa muda usiopungua nusu saa.

Maambukizi huvamia umio hasa pale kinga ya mwili iliposhuka, kwa mfano kwa mtu mwenye VVU ambaye hajaanza matibabu, anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa kiungo. Fangasi wa kandida ndio wa kawaida zaidi, na mara nyingi, ingawa si kila mara, huacha utando mweupe mdomoni pia. Hutibiwa kwa flukonazoli kwa siku 14 hadi 21, kwa kumeza au kwa sindano, kwa kuwa dawa ya kupaka mdomoni haifiki panapohusika. Virusi vya hepesi navyo huleta vidonda vidogo vyenye maumivu makali, na hutibiwa kwa asiklovia.

Aina nyingine inatokana na mzio. Chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo kwa kawaida hazikai kwenye umio, hujikusanya katika utando kwa kuchokozwa na chakula fulani, na maziwa, ngano na mayai ndivyo vinavyotajwa zaidi. Mtoto mdogo hukataa kula, hutapika au hakui ipasavyo, na mtu mzima hulalamika kwamba chakula kigumu, hususan nyama, kinamkwama. Wengi wao wana pumu au mzio wa ngozi. Hutibiwa kwa kuondoa vyakula vinavyoshukiwa chini ya uangalizi, kwa dawa za kupunguza asidi, au kwa dawa za steroidi kama budesonidi ambazo humezwa ili ziupake utando wenyewe.

Kwa kuwa dalili za aina hizi huingiliana, uchunguzi ulio wazi zaidi ni endoskopi, ambapo daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, akautazama utando moja kwa moja na kuchukua vinyama vidogo vya kupimwa maabara. Katika mchochota wa mzio vinyama hivyo ni lazima, kwa sababu umio unaweza kuonekana mzima machoni. Michubuko ya asidi hupangwa katika ngazi nne, A hadi D: ngazi A ni michubuko isiyozidi milimita 5, na ngazi D ni ile iliyozunguka angalau asilimia 75 ya mduara wa umio.

Tiba ya mchochota wa asidi hujengwa juu ya omeprazoli na jamii yake, ambazo huzima pampu za asidi zilizo katika kuta za mfuko wa chakula. Dawa hizi hushika pampu zinazofanya kazi tu, na pampu huamshwa na mlo. Kwa sababu hiyo kidonge humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, si wakati wa kulala wala pale kiungulia kinapochoma, na wengi wanaosema dawa haikuwasaidia huwa wameimeza wakati usiofaa. Dozi huendelea kwa takriban wiki 8 hata kama maumivu yametulia mapema. Pamoja na dawa, mgonjwa hushauriwa kupunguza uzito uliozidi, kuacha sigara, kutolala ndani ya saa 3 baada ya mlo, kulalia ubavu wa kushoto na kuinua kichwa cha kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, kwani kurundika mito humkunja tumbo tu. Wenye ngazi C na D kwa kawaida huendelea na dawa baada ya kupona, maana wakiacha michubuko hurudi, na hurudia endoskopi ili kuhakikisha kuwa chini ya vidonda hapakujificha umio wa Barrett, yaani mabadiliko ya utando yanayoongeza hatari ya saratani. Upasuaji wa kuuzungushia umio sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hufikiriwa pale dawa zisipotosha au mgonjwa asipotaka kuzitumia maisha yote.

Mchochota uliodumu huweza kuacha kovu linaloubana umio, na hapo daktari huupanua kidogo kidogo kwa puto au vifaa maalumu. Aliyemeza kemikali kali asitapishwe, kwa kuwa kemikali hiyo itaunguza mara ya pili ikipanda, bali apelekwe hospitali mara moja. Hali kadhalika kwa anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au ambaye chakula kimemkwama hata mate hayapiti. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, huchukuliwa kuwa ya moyo hadi vipimo vionyeshe vinginevyo, hata kwa mtu aliyezoea kiungulia kwa miaka mingi.