Umesimama ndani ya ngome, unauliza ngome iko wapi

Jumamosi iliyopita nilipandisha watu kumi na wawili Chetambe, kile kilima chenye ngome ya kale kinachotazama mji wa Webuye. Kijana mmoja kutoka Nakuru, miguu imara, raba mpya, aliwatangulia wenzake wote. Nilipomfikia alikuwa amesimama katikati ya handaki, nyasi zimemfika magotini, simu mkononi. Akaniuliza, "Sasa mzee, ngome yenyewe iko wapi?"

Hilo la mzee nililimeza, ingawa hamsini bado sijaifikisha. Swali ndilo lililonikwama kooni. Nimeulizwa hivyohivyo na walimu, na vikundi vya matembezi kutoka Kisumu na Eldoret, hata na mama mmoja aliyesoma shule ya msingi chini ya kilima hichohicho. Nimechoka kulijibu mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote, pamoja na mengine ninayoyasikia kila ninapopandisha watu vilima.

"Ngome ni lazima iwe ya mawe"

Nailaumu Fort Jesus. Picha yake iko kwenye kila kitabu cha shule: kuta nene za matumbawe, mizinga imeelekezwa baharini. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa sababu adui yao alikuja na meli. Sasa Mkenya akisikia "ngome" anasubiri aone Mombasa nyingine, na asipoiona anaandika mtandaoni kwamba Chetambe "hakuna kitu, ni view tu." Mandhari ipo, sikatai. Ukiwa juu unaiona Nzoia ikijipinda, mji wote wa Webuye, na siku hewa ikiwa safi unauona Mlima Elgon umelala mrefu upande wa kaskazini magharibi. Lakini ngome nayo ipo, umeikanyaga.

Huku kwetu ngome ilikuwa ya udongo. Wabukusu waliiita lukoba: kijiji kizima kimezungushiwa handaki na ukuta, na mlango mdogo wa kuingilia. Ufundi wake ni rahisi na una akili. Ukichimba handaki, udongo unaotoka unautupa upande wa ndani, nao unakuwa tuta. Kazi moja, vizuizi viwili. Tuseme umechimba kwenda chini mita mbili na tuta limeinuka mita mbili; anayekuja na mkuki ana mita nne za kupanda huku wewe uko juu yake. Adui wa wakati ule alikuwa mvamizi wa ng'ombe, mtu wa kupiga alfajiri na kuondoka. Kwa adui wa namna hiyo, udongo ulitosha kabisa.

Shida ya udongo ni mvua, na Bungoma mvua hatuna uhaba nayo. Kwa miaka zaidi ya mia moja na ishirini tuta limekuwa likirudi lilikotoka, ndani ya handaki. Kwa hiyo usitafute ukuta. Tafuta bonde jembamba linalozunguka, ambalo halifuati njia ya maji. Maji huteremka mlima, hayauzungushii mkanda. Ukiona mkanda, huo ni mkono wa mtu.

Tena uje mapema! Nalirudia hili mpaka wateja wananicheka. Saa sita mchana jua liko utosini, kivuli hakuna, na handaki lililojaa nusu linaonekana kama uwanja wa kawaida. Saa moja asubuhi jua liko pembeni, kila mbonyeo unatupa kivuli chake, na mstari mzima unajichora wenyewe kwenye nyasi. Watafiti wa mambo ya kale hutumia ujanja huohuo kupiga picha kutoka angani. Wewe huhitaji ndege, unahitaji kuamka saa kumi. Lakini mtu anatoka Kisumu saa tatu, anasimama kunywa chai njiani, anafika kileleni jua kali, halafu ananiambia hakuna kitu.

"Si Waingereza ndio walioijenga?"

Hapana. Waingereza ndio walioivunja. Ngome ilikuwa ya Chetambe, mzee wa Kitachoni. Ugomvi ulianzia kwingine, Lumboka, ngome ya Wabukusu, na chanzo kilikuwa bunduki. Mwaka 1894 kituo cha Waingereza kilichokuwa kwa Mumia, Mumias ya leo, kilituma askari wa Kisudani kwenda kuwanyang'anya Wabukusu bunduki. Askari wale waliuawa. Mwaka 1895 C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza, akaja kulipiza, akiwa na Wasudani, Waganda, na wasaidizi wa Kiwanga na Kimasai. Ndiyo, wengi wa waliopigana upande wa Mwingereza walikuwa Waafrika. Kuna mgeni mmoja aliwahi kubishana nami juu ya hilo mpaka tukafika chini, na sidhani kama alinisamehe.

Lumboka ilianguka. Waliosalia wakakimbilia Chetambe, na Chetambe nayo ikaanguka. Ile ngome ilijengwa kumzuia mtu wa mkuki. Mbele ya bunduki nyingi, boma lililofungwa pande zote lenye mlango mdogo linageuka mtego kwa walio ndani. Walikufa watu wengi pale. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopinga ukoloni, aliwapeleka wafuasi wake kilimani kuwakumbuka. Ndiyo maana kwenye matembezi yangu spika ya muziki inabaki kwenye matatu. Asiyependa ana vilima vingine vingi vya kupanda.

"Thimlich Ohinga ilijengwa na wageni"

Hii nayo ni kinyume cha ile ya kwanza. Watu wakipelekwa Thimlich Ohinga, maboma ya kale kule Migori, wakaona mawe, basi mawe ni mazuri mno kuwa yetu: lazima walikuwa Waarabu, au Wareno waliopotea. Wareno wafanye nini Migori? Kuta zile zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji, bila hata tope, mawe hayakuchongwa, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Nyingine zinafika mita nne kwenda juu. Zimejengwa na kukarabatiwa na jamii za hapahapa, moja baada ya nyingine, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kwanini Migori mawe na Siaya udongo? Kwa sababu Migori mawe yamejaa chini. Ukienda Siaya wenyeji watakuonyesha gunda bur, mahame yenye mahandaki, binamu wa Chetambe.

"Vita vya Wazungu havikufika huku"

Vilifika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Septemba 1914 Wajerumani waliuteka mji wa Kisii, na tarehe 12 wakapigana na King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza, kwenye vilima vinavyouzunguka. Wajerumani wakarudi nyuma. Wale wanaopanda vilima vya Kisii kupiga picha za machweo wanapita juu ya uwanja wa vita. Hiyo haina maana kwamba kila shimo mnaloliona ni handaki la vita. Mengi ni machimbo ya mawe ya kujengea, na moja nililoonyeshwa kwa mbwembwe lilikuwa choo cha zamani.

"Koitoboss ndio juu kabisa ya Elgon, na mkimbiaji hapati shida"

Makosa mawili kwa mpigo. Koitoboss, kilele cha upande wa Kenya, ni mita 4,222. Wagagai, upande wa Uganda, ni mita 4,321. La pili ndilo baya. Kuumwa kwa sababu ya urefu hakuangalii mazoezi yako. Kunaweza kuanza ukivuka mita 2,500 hivi, na anayekimbia haraka ndiye anayepanda haraka, kwa hiyo mara nyingi ndiye anayetapika kwanza. Gari laweza kukutoa Kitale likakupandisha zaidi ya mita 3,000 asubuhi moja, na mwili haujaambiwa chochote. Kichwa kikianza kugonga, usipande tena. Kikizidi, shuka. Panadol inaficha habari, haibadilishi urefu.

"Zima simu radi isikupige, na raba zinakinga"

Radi haitafuti simu. Inaelekea kwenye kilichoinuka, na kwenye kilele kitupu kilichoinuka ni wewe. Imepita kwenye kilomita nyingi za hewa mpaka kukufikia, sasa soli ya sentimita mbili itaizuia vipi? Joto la mchana hupandisha hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria, mawingu yanakomaa alasiri, na ukanda wa Kisii mpaka Kakamega ni miongoni mwa sehemu za nchi zinazopigwa radi mara nyingi. Ukiona mmweko, hesabu mpaka usikie ngurumo; kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ngurumo ikija kabla ya thelathini, umechelewa kushuka. Usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango fupi. Ingia kwenye gari lililofungwa au jengo lenye kuta na waya za umeme na mabomba. Kibanda cha nyasi si kinga.

Mimi huwa nimeshashuka kufikia saa tano na nusu. Jumamosi ile wingu la kwanza lilinguruma upande wa Elgon tukiwa tayari steji ya Webuye, tunakula chapati na maharagwe. Yule kijana wa Nakuru alikuwa anapekua picha zake, anatafuta ile aliyojipiga akiwa amesimama ndani ya handaki. Alishaifuta, akidhani haina kitu.