Udhibiti wa kodi ya nyumba: dhana za wawekezaji na ukweli wake

Dhana: Serikali ikishagusa kodi, nyumba ya kupangisha hailipi tena.

Kosa hapa ni kuzitia sheria zote kapu moja. Kuna sheria zinazogandisha kodi, na kuna zinazoiacha ipande kwa kiasi. Katika jimbo la California, Marekani, tangu 2020, kodi inaweza kuongezwa kwa asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, mradi isizidi 10 kwa mwaka. Nyumba ambayo haijatimiza miaka 15 haiguswi, na mpangaji akihama kwa hiari yake, sheria hiyo ya jimbo inamwachia mwenye nyumba kupanga kodi mpya.

Sasa tazama jiji la St. Paul, jimbo la Minnesota, hukohuko Marekani. Mwaka 2021 wapiga kura walipitisha ukomo wa ongezeko la asilimia 3 kwa mwaka, ukibana hata majengo mapya na hata mpangaji anapobadilika. Maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka, na mwaka uliofuata baraza la jiji likayasamehe majengo mapya kwa miaka 20. Kwa hiyo, kabla ya kununua, uliza jengo lina umri gani, kodi inakuwaje chumba kikibaki wazi, na gharama za ukarabati mkubwa zinaweza kuongezwa kwenye kodi au la. Asilimia inayotangazwa peke yake haitoshi kukuamulia.

Dhana: Mwenye nyumba hubanwa, mpangaji hunufaika, basi.

San Francisco ilipanua udhibiti wake mwaka 1994 hadi majengo madogo ya zamani. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba waliokuwa tayari wamepanga walinufaika kweli: wengi zaidi walibaki kwenye makazi yao, na hilo si jambo dogo kwa familia. Lakini wenye majengo hayo walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, wengine wakiziuza, wengine wakizijenga upya. Kodi zikapanda jijini kote, na aliyeumia ni mpangaji anayetafuta nyumba leo.

Dhana: Sheria ikishapita, hesabu zako zimetulia.

Berlin iligandisha kodi Februari 2020. Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikaibatilisha sheria hiyo, na wapangaji wengi waliokuwa wamepunguziwa kodi wakatakiwa kulipa tofauti yote.