Rimapu: ramani ya injini ya pikipiki inapoandikwa upya

Rimapu ni kubadilisha namba. Bloku haifunguliwi, pistoni haiguswi, na injini inabaki ileile iliyotoka kiwandani. Kinachobadilika ni majedwali yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ya injini, yale yanayoamua petroli kiasi gani inyunyizwe na plagi ichome wakati gani. Majedwali hayo ndiyo yanayoitwa ramani, na kuyaandika upya ndiko kurimapu.

Nilimweleza hivyo mjomba wangu, dereva wa bodaboda pale Mikindani, siku aliponiuliza kama pikipiki yake nayo inaweza kupigwa "hiyo rimapu ya vijana". Shida yake ni kwamba akiachia resi kisha akaivuta tena, pikipiki inaruka, na abiria wa nyuma anamgonga mgongoni.

"Mjomba, pikipiki yako haina ramani."

"Haina ramani, mbona Mnazi Mmoja huwa inafika?"

Nilicheka, ila swali lake lilikuwa na maana kuliko alivyokusudia. Pikipiki ya kabureta, kama zilivyo nyingi za vijiweni huku Mtwara na Lindi, nayo lazima ijue petroli kiasi gani ichanganywe na hewa kiasi gani. Tofauti ni kwamba ujuzi huo umo kwenye shaba. Hewa inapopita kooni mwa kabureta inaivuta petroli yenyewe kupitia tundu dogo la jeti, na sindano inayopanda na kushuka ndiyo inayoongeza au kupunguza. Fundi akitaka kubadilisha, anaweka jeti nyingine, anahamisha kipini cha sindano ngazi moja, au anazungusha skrubu robo duara huku ametega sikio. Kwa hiyo ramani ipo, ila unaishika kwa mkono na kuisafisha kwa petroli. Huwezi kuichomekea laptopu.

Pikipiki ya nozeli ni jambo jingine. Hapo petroli haivutwi na hewa. Pampu inaisukuma kwa shinikizo hadi kwenye nozeli, na nozeli inafunguka pale tu kompyuta inapoiamuru. Muda wa kufunguka huo ni mfupi mno. Gawa sekunde moja mafungu elfu, kisha chukua mafungu machache tu. Kompyuta itajuaje iifungue kwa mafungu matatu au manne? Inauliza sensa, yaani vipimo vidogo vilivyofungwa kwenye pikipiki. Moja inahesabu mizunguko ya injini, nyingine inapima resi imefunguliwa kiasi gani, nyingine inapima joto la injini, nyingine joto la hewa inayoingia, na kwenye pikipiki nyingi kuna moja iliyokaa kwenye eksozi kunusa kama moshi umebakiza oksijeni.

Ikishapata majibu, inafungua jedwali. Lifikirie kama daftari la mwalimu la maksi. Mistari ni mizunguko ya injini kwa dakika: 1,000, 2,000, 3,000 na kuendelea. Safu za kushuka ni ufunguaji wa resi: asilimia 2, 5, 10, 20, mpaka 100. Mstari na safu vinapokutana pana kijumba chenye namba, na namba hiyo ndiyo amri kwa nozeli. Injini ikiwa kwenye 3,200, namba ambayo haimo daftarini, kompyuta inaangalia majirani wawili na kukadiria katikati yao. Halafu inasahihisha kidogo kwa kuangalia joto na shinikizo la hewa. Hewa ya moto ya Mtwara mwezi wa kumi na moja ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, na ukipanda Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo petroli nayo inapunguzwa. Mwenye kabureta safari hiyohiyo anaipanda na jeti yake ileile.

Jedwali la pili ni la plagi. Watu wengi hudhani plagi inachoma pistoni ikishafika juu kabisa. La, inachoma kabla. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unakwisha kwa mafungu 20 tu ya yale elfu ya sekunde, na moto nao unahitaji muda wa kusambaa ndani ya silinda. Ukisubiri pistoni ifike juu ndipo uwashe, moto utakomaa pistoni ikiwa imeshateremka, na nguvu imepotea. Ndiyo maana cheche hutangulizwa, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo inavyotangulizwa zaidi. Ikitangulizwa kupita kiasi, mlipuko unamkuta pistoni bado anapanda. Utasikia injini inagonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, na ukiendelea hivyo utatoboa pistoni.

Sasa tufike kwenye ulaini, maana ndicho kinachowapeleka wengi kwenye rimapu, hata kama midomoni wanasema nguvu. Injini isiyo na turbo haipati nguvu nyingi kwa kubadilishiwa namba peke yake. Anayekuahidi miujiza hapo, mwombe akuonyeshe kipimo. Lakini namna nguvu ile ile inavyofika kwenye tairi inaweza kubadilika sana.

Kwa nini kiwanda kitoe pikipiki inayoshtuka? Sababu kubwa ni moshi. Kichujio cha kemikali kilichomo kwenye eksozi za siku hizi kinafanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Injini inayobebeshwa mzigo hupenda petroli zaidi, kama 13 kwa 1. Sheria za Ulaya za Euro 4, zilizoanza kwa pikipiki mpya mwaka 2016, na Euro 5 zilizofuata mwaka 2020, zimebana zaidi, na vipimo vyake vinafanyika kwa mwendo wa kawaida wa mjini, sio wa mashindano. Maana yake kiwanda kinabana petroli hasa pale unapoendesha taratibu, resi imefunguliwa kidogo tu. Na hapo ndipo mtu wa kawaida anapoishi. Kwenye foleni, kwenye kona, kwenye mchanga, kwenye kumpita mama mwenye ndoo kichwani.

Jambo la pili ni kukatwa kwa petroli. Ukiachia resi kabisa pikipiki ikiwa kwenye mwendo, kompyuta nyingi zinafunga nozeli moja kwa moja. Hakuna haja ya kuchoma petroli wakati tairi ndilo linaloisukuma injini. Kwa hesabu ni jambo la akili. Tatizo linakuja unapoivuta resi tena kidogo: petroli inarudi ghafla, kutoka hakuna hadi ipo, na nguvu inaingia kwa kishindo.

Nimeyaonja hayo kwenye njia ya Msimbati. Rafiki yangu ana pikipiki kubwa ya nozeli aliyoinunua ikiwa imetumika, akanipa niiendeshe mpaka baharini. Kwenye lami ilikuwa raha tupu. Tulipoingia kwenye mchanga nikaanza kutoka jasho. Mchangani unataka resi ya kudumu, ndogo, isiyokatika, tairi la nyuma lisukume bila kuchimba. Mimi nikiachia kidogo, injini inashika kama nimekanyaga breki na tairi la mbele linazama. Nikivuta kidogo, inaruka, la nyuma linachimba shimo. Nikiwa katikati ya mambo hayo akanipita kijana mwenye pikipiki ya kabureta, kabeba magunia ya korosho hadi usawa wa masikio, anapiga mluzi. Kabureta yake ilikuwa inaongeza petroli polepole kwa uvivu wake wa kuzaliwa, na uvivu huo pale mchangani ulikuwa dhahabu.

Anachofanya fundi wa rimapu kwa pikipiki kama ile ni kwenda kwenye vijumba vya kushoto vya daftari, vile vya resi ndogo, na kuongeza petroli kidogo kidogo, huku akihakikisha namba za majirani hazipishani kwa kuruka. Kijumba kimoja kikisema 30 na cha pembeni 45, mkono wako utaisikia hiyo ngazi. Pia anaweza kuchelewesha au kuondoa kule kukatwa kwa petroli. Na kama pikipiki ina resi ya umeme, ana jedwali la tatu la kuchezea.

Resi ya umeme ni ile isiyo na waya wa chuma kati ya mkono na injini. Unapozungusha, unaituma sensa tu, na mota ndogo ndiyo inayofungua kibati cha kupitishia hewa. Mkono wako ukiomba asilimia 20, ramani inaweza kuamua kufungua 10 au 35. Yamaha MT-09 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2013, ilikuwa mfano uliozungumzwa sana: waliojaribu waliisifu injini yake na wakalalamikia jinsi ilivyokuwa inashtuka resi inapofunguliwa. Ilikuja na mipangilio mitatu ya kuchagua kwa kitufe, A, STD na B, na B ndiyo ilikuwa pole kuliko zote. Injini moja, ramani tatu. Kwa hiyo ukiona pikipiki yenye kitufe cha "mvua" au "michezo", ujue kiwanda kimekupa rimapu zako tayari, na hazina gharama. Zijaribu kabla hujamtafuta mtu.

Kazi yenyewe inafanyika namna gani? Aliyewahi kupeleka simu kwa fundi ikaflashiwa ameshaelewa nusu. Programu iliyomo ndani inanakiliwa kwenye laptopu kupitia waya, namba zinahaririwa, kisha faili jipya linaandikwa juu ya la zamani. Hatari nazo ni zilezile za simu. Umeme wa betri ukiyumba katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kubaki haina akili ya zamani wala mpya, na pikipiki isiwake. Fundi makini huunganisha chaja kwenye betri kwanza, na hutunza nakala ya ramani ya kiwanda. Asipokuwa na nakala hiyo, mshukuru, uondoke na pikipiki yako.

Namba mpya zinatoka wapi? Njia bora ni mashine ya kupimia, pikipiki inafungwa juu ya ngoma na tairi linaizungusha ngoma hiyo, huku kipimo kikiwa kimechomekwa kwenye eksozi kusoma mchanganyiko. Fundi anarekebisha kijumba hadi kijumba. Njia ya pili ni kununua faili lililotengenezewa pikipiki ya aina yako na mtu aliye mbali. Linaweza kufaa, lakini halijui eksozi yako imetobolewa, wala petroli unayonunua kwenye chupa ya lita moja kandokando ya barabara ni ya aina gani. Hilo la petroli si dogo. Ramani iliyoandikwa kwa petroli bora ya Ulaya, yenye cheche iliyotangulizwa sana, inaweza kuifanya injini igonge kwa petroli ya kijijini. Kuna na njia ya tatu, kiboksi kinachokaa kati ya kompyuta na nozeli na kubadilisha amri zikiwa njiani, kama Power Commander ya Dynojet. Ramani ya kiwanda inabaki salama, na siku ukitaka kuuza unakichomoa.

Gharama nyingine ni moshi. Ukiongeza petroli unatoka kwenye ile 14.7, na kichujio hakitafanya kazi yake sawasawa. Ulaji wa petroli unaweza kupanda pia.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa rimapu hawalitaji: sehemu kubwa ya kuruka haitoki kwenye kompyuta hata kidogo. Cheni iliyolegea ina nafasi ya kujikusanya kabla ya kuvuta spoketi, kwa hiyo kila ukivuta resi inapiga, tap! Huku pwani chumvi inaila haraka. Waya wa resi wenye ulegevu mwingi unakufanya uzungushe mkono bila jibu, halafu jibu linakuja lote. Raba zilizomo ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma, za kupunguza mshtuko, zikiisha kila pigo linafika kwenye kiti. Plagi iliyochoka na chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la njia ya Newala vinamalizia.

Kwa hiyo Jumamosi tulipiga magoti nyuma ya pikipiki ya mjomba. Cheni ilikuwa inacheza karibu vidole vinne. Tukaikaza mpaka ikabaki sentimita kama 2 na nusu, tukaipaka oili, tukapunguza ulegevu wa waya wa resi pale kwenye nati yake ya juu. Akazunguka nayo hadi ufukweni akarudi.

"Bado inaruka?"

"Kidogo. Hiyo iliyobaki ni ya ramani?"

"Ni ya kabureta, mjomba. Tuifungue kesho."