CV ya kazi za teknolojia: yanayosemwa na yalivyo

"Kompyuta ndiyo inayoitupa CV yako." Hii imeenea kuliko zote, tena huja na hesabu yake: eti CV tatu kati ya nne hazionwi na binadamu. Wanaoirudia hawasemi imepimwa wapi. Mifumo ya kuajiri ambayo kampuni hupokelea maombi, kama Greenhouse na Workday, kazi yake kubwa ni kutunza na kupanga maombi. Zipo kampuni zinazowapa waombaji alama kwa programu, kweli, ila wengi hukwama kwenye maswali ya fomu: uliulizwa kama una kibali cha kufanya kazi nchi ile, ukajibu hapana.

Kinachoweza kukuponza ni mapambo. Safu mbili, majedwali, maandishi yaliyo ndani ya picha. Nakili CV yako yote uibandike kwenye Notepad, programu ya maandishi matupu yasiyo na mapambo. Ukikuta namba ya simu imeangukia katikati ya jina la chuo, kuna hatari mfumo nao uisome hivyo hivyo.

"Jaza kila kitu, wasidhani unaficha." Haya ni mazoea yetu ya fomu za ofisini: tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, picha ya pasipoti, wadhamini watatu, na kiapo mwishoni kana kwamba uko kizimbani. Ukiomba kampuni ya Marekani, viondoe. Sheria za kule za 1964 na 1967 zinakataza kumbagua mwombaji kwa rangi, dini, jinsia, au kwa umri akishafika miaka 40, na waajiri wengi hawataki hata kuyaona hayo. Nafasi hiyo weka kiungo cha GitHub, tovuti ambako watengenezaji programu huweka msimbo wao, chenye kazi inayofunguka.

"Eleza majukumu yako." Hapa ndipo vijana wazuri wanapopotea. Chukua mstari huu: "Nilihusika na utengenezaji wa mfumo wa malipo." Ulihusika vipi? Uliandika msimbo au ulileta chai? Sasa tuseme mtu huyohuyo angeandika: "Niliunganisha mfumo wa sacco yenye wanachama 1,200 na M-Pesa kupitia Daraja, kulinganisha malipo kukashuka kutoka siku mbili hadi dakika kumi." (Daraja ni huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa.) Kazi ni ileile, lakini sasa kuna cha kumuuliza kwenye usaili. Laszlo Bock, alipokuwa akisimamia rasilimali watu Google, alishauri karibu hivyo mwaka 2014: umefanikisha nini, kimepimwaje, umefanyaje. Namba iwe ya kweli lakini, maana swali la pili litakuwa "mlipimaje?"

"Vistari vya ujuzi vinapendeza." Ni ile michoro ya kuonyesha kiwango cha ujuzi: lugha ya programu ya Python, 90%. Tisini ya nini?

"Lazima ukurasa mmoja." Kwa mwenye miaka mitatu kazini unatosha; mwenye kumi na mbili akitumia miwili hakuna atakayemlaumu. Muhimu zaidi ni nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Kampuni ya Ladders ilipofuatilia macho ya waajiri mwaka 2018, ilikuta CV inapitiwa kwa wastani wa sekunde 7.4 mara ya kwanza. Na sisi nusu hiyo tunaijaza "Lengo langu ni kufanya kazi katika taasisi inayokua ili nitumie ujuzi wangu". Sentensi hiyo nimeikuta kwenye CV ya mtaalamu wa kanzidata na ya dereva wa lori, neno kwa neno.