Macho ya Jirani: Wahusika na Dhamira katika The Murder at the Vicarage

Tahadhari kwanza: nitawataja waliofanya mauaji. Riwaya hii ya Agatha Christie ilitoka mwaka 1930, na siwezi kueleza ilivyosukwa huku nikificha fundo lake.

Kijiji ni St Mary Mead, Uingereza. Kanali Protheroe, hakimu na mzee wa kanisa asiyependwa, anakutwa amepigwa risasi kwenye meza ya kuandikia nyumbani kwa kasisi. Wasomaji wengi humchukulia Miss Marple, bibi wa nyumba ya jirani asiyepitwa na jambo, kuwa ni mpelelezi tu. Mimi naona kwamba kabla ya kuwa mpelelezi, yeye ni chombo cha wauaji, na hapo ndipo penye utamu wote wa kazi hii.

Anne, mke wa kanali, na Lawrence Redding, mchoraji, ni wapenzi. Wanajua kwamba bibi huyo hushinda bustanini na hakuna apitaye njia ya nyuma asimwone. Basi hawamkwepi, wanamtumia. Karibu saa 12 na robo jioni Anne anapita, anasimama wanazungumza kidogo. Amevaa gauni lililombana mwili na hana hata mkoba. Yeyote angeapa kwamba hana silaha. Kumbe bastola imekwisha kuwekwa ndani ya chungu cha maua chumbani mwa kasisi, ikiwa na kizuia mlio. Anne anaua, kisha anaingia kibanda cha kuchorea bustanini, ambako Lawrence anamkuta. Wanatoka pamoja, nyuso kunjufu, tena mbele ya macho yale yale. Mlio unaosikika upande wa msituni ni mtego wa asidi ya pikriki, kemikali inayolipuka, ili kijiji kihesabu saa vibaya.

Bibi hakusema uongo hata kidogo. Alichokiona ni kweli. Maana aliyokusudiwa kuipata ndiyo iliyokuwa ya uongo. Kinachomzindua ni vitu viwili vidogo. Mwanamke kama Anne hatoki bila mkoba. Aliyeuacha alitaka ionekane kwamba hakubeba kitu. Na Lawrence, alipokutwa msituni na jiwe, alidai anampelekea bibi kwa ajili ya bustani yake, lakini jiwe lenyewe halikuwa la aina inayofaa: lilikuwa la mtego ule wa mlio. Askari hangelijua hilo. Mtunza bustani analijua papo hapo.

Lawrence anakwenda mwenyewe polisi kukiri, kisha Anne naye anakiri. Maungamo hayalingani na ushahidi, kila mmoja anaonekana kumkinga mwenziwe, na wote wawili wanatolewa katika orodha. Naye Inspekta Slack hana masikio: saa ya mezani imesimama saa 12 na dakika 22, kasisi anajaribu kumweleza kwamba huiweka mbele dakika 15 asichelewe, lakini anakatizwa kila afunguapo mdomo. Huyu ni mhusika aliyechorwa kwa kasoro moja tu, na kasoro hiyo inaendesha sura kadhaa.

Miss Marple anasema wapo watu wasiopungua saba ambao wangefurahi kanali akiondoka. Anayeandika riwaya ya aina hii aikague idadi hiyo vizuri, kwa sababu watu hao wana siri ambazo zingekuwepo hata kama kanali hangeuawa. Kasisi msaidizi, Hawes, ameiba fedha za kanisa. Mwanaakiolojia Stone si mwanaakiolojia. Bi Lestrange ni mke wa kwanza wa kanali. Kila mmoja anaficha lake, na hapo ushahidi unachafuka. Rasimu nyingi huharibika hapa: mwandishi huwapa washukiwa siri zilizobuniwa kwa ajili ya kifo tu, na msomaji anazinusa mapema.

Kwa anayetaka kuihamishia mbinu hii mji mdogo wa pwani yetu, nashauri achore jedwali la safu tatu kabla ya sura ya kwanza: nani ameona nini, ameelewa nini, na nani alitaka aelewe hivyo. Safu ya tatu ikibaki tupu kote, umbea wenu ni pambo. Muuza maandazi mlangoni, wazee wa barazani, kijana wa bodaboda: wapeni macho yenye mpaka, kila mmoja na anachokijua kwa kazi yake.

Na saa ya kasisi msiinakili. Kwetu mtu husema "alipita magharibi ikiadhiniwa". Misikiti miwili ya mtaa mmoja haianzi adhana kwa sekunde ile ile. Mwadhini mmoja akitangulia dakika nne, na shahidi akaapa kwa dhati kwamba alisikia adhana, dakika hizo zinamtosha mtu kuvuka kichochoro, kufunga mlango na kurudi barazani kabla kahawa haijapoa.