Halmashauri moja si ugatuzi, na kaunti haijafutwa

Habari za halmashauri za Uingereza zinapotufikia kwa Kiswahili, huja na makosa mawili yaleyale. La kwanza ni kwamba kaunti fulani ya mashambani "imefutwa". La pili ni kwamba kinachofanyika huko, yaani kuziunganisha halmashauri, ni ugatuzi. Yote mawili yanapotosha, na la pili linampotosha zaidi msomaji wa Kenya, ambaye ugatuzi anaujua kwa kuuishi.

Maana ya kupanga upya halmashauri hizo ni fupi. Tangu tarehe 1 Aprili 1974, sehemu kubwa ya mashambani England ilikuwa na ngazi mbili za serikali za mitaa: halmashauri ya kaunti, na chini yake halmashauri kadhaa za wilaya, kila moja na madiwani wake na bajeti yake. Kupanga upya ni kuzivunja ngazi hizo mbili na kuweka halmashauri moja inayofanya kazi zote. Scotland na Wales zilimaliza jambo hilo mwaka 1996. England inalifanya kipande kwa kipande hadi leo.

Sababu inaonekana mara ukitazama kazi zilivyogawanywa. Kaunti ilishika shule, barabara, maktaba na ustawi wa jamii. Wilaya ikashika nyumba, vibali vya ujenzi na takataka. Tena takataka zenyewe ziligawanywa: wilaya ilizizoa mlangoni, kaunti ikazitupa. Bili ya kodi ya halmashauri ililetwa na wilaya, ilhali sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa kaunti. Mchukue bibi kizee wa kijijini aliyeanza kushindwa kuingia bafuni. Wa kuja kumpima na kusema anahitaji vishikio au bafu lisilo na kizingiti alikuwa mtaalamu wa kaunti. Ruzuku ya kuirekebisha nyumba ilitoka wilayani. Ofisi mbili, mafaili mawili, na mgonjwa ni yuleyule. Mpango wa kuziunganisha ofisi hizo una mantiki, wala sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni hilo neno "imefutwa". Cumbria, kaunti ya milima na maziwa kaskazini-magharibi, ndiyo huzikwa mara nyingi. Kilichotokea tarehe 1 Aprili 2023 ni kwamba halmashauri ya kaunti ya Cumbria ilivunjwa pamoja na za wilaya zake sita. Allerdale, Carlisle na Copeland zikawa chini ya halmashauri mpya iitwayo Cumberland. Barrow-in-Furness, Eden na South Lakeland chini ya nyingine iitwayo Westmorland and Furness. Cumbria yenyewe ipo. Polisi wake ni polisi wa Cumbria, na Mfalme bado ana mwakilishi wake wa heshima wa Cumbria nzima. Kaunti kama eneo ni kitu kimoja, na halmashauri inayoliendesha eneo hilo ni kingine. Berkshire imekaa bila halmashauri ya kaunti tangu 1998, kazi zote zikiwa mikononi mwa halmashauri sita, na hakuna mkazi wa Windsor atakayekuambia kwamba Berkshire haipo.

Kuna na kosa dogo lililozaliwa humo humo, la kusema kwamba kaunti za kale za Cumberland na Westmorland "zimerudi". Majina yamerudi, mipaka haikurudi. Penrith ulikuwa mji wa Cumberland ya kale, na leo uko chini ya Westmorland and Furness. Barrow haikuwahi kuwa Westmorland, ilikuwa Lancashire.

Lakini si kweli pia kwamba halmashauri ikivunjwa hakuna kinachopotea. Rochester, huko Kent, ilikuwa na hadhi ya jiji kwa karne nyingi. Mwaka 1998 halmashauri yake iliunganishwa na jirani yake kuunda Medway, na hakuna aliyeteua wadhamini wa kuitunza hadhi ile. Ikapotea, na miaka kadhaa ikapita kabla mtu hajagundua. Carlisle walijifunza: wao waliweka wadhamini.

Sasa ugatuzi. Ugatuzi ni serikali kuu kuachia madaraka na fedha ziende chini. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010: kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake linalotunga sheria, na Katiba inayozilinda. Halmashauri ya kaunti ya England haina gavana wala bunge, na huvunjwa kwa amri ya waziri iliyoidhinishwa na Bunge la London, bila kura ya maoni. Zaidi ya hapo, halmashauri zinapounganishwa London haiachii chochote. Kinachohama ni madaraka ya wilaya, nayo yanapanda juu. Mkazi wa Scarborough, pwani ya North Yorkshire, alikuwa na halmashauri ya wilaya mjini kwake. Tangu Aprili 2023 halmashauri zote nane za kaunti hiyo zimekuwa moja, yenye madiwani 90, na makao yake yako Northallerton, mbali na bahari.

North Yorkshire ndiyo inayoonyesha tofauti vizuri zaidi, kwa sababu ugatuzi nao ulifika, ila kwa mlango mwingine na kwa tarehe nyingine. Mei 2024 wananchi wa York na North Yorkshire walimchagua meya wa pamoja, mwenye madaraka na fedha zilizotoka serikali kuu. Huyo ndiye ugatuzi wao.

Mkanganyiko umezidi tangu Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilipotoa waraka wa sera uliobeba mambo yote mawili, kuunganisha halmashauri na ugatuzi. Februari 2025 ikayataka maeneo yote 21 yaliyobaki na ngazi mbili yalete mapendekezo ya halmashauri mpya, ikipendelea kila moja iwe na watu 500,000 au zaidi. Nusu milioni ya watu wa mashambani ni eneo pana mno, na kuuita mpango huo ugatuzi kunamficha msomaji jambo ambalo wakazi wenyewe wanalilalamikia: diwani anakwenda mbali nao.

Kwa hiyo ukiandika habari za Norfolk au Suffolk, kaunti za mashariki mwa England zilizomo katika mpango huo, andika kwamba halmashauri za kaunti hiyo zinavunjwa na kuundwa upya. Neno ugatuzi liweke kwa meya, atakapochaguliwa, na useme ni madaraka gani London imemwachia.